Kosa la Watu Wawili

Dada yangu alifundisha watu kuchora mashine. Mimi nashona nguo. Nalisema hilo mapema ili ieleweke kwamba mambo ya vyuma nimeyaokota kwake, jikoni, yeye akimenya viazi na mimi nikimsikiliza nusu nusu. Nikikosea jina la nati, mnisamehe. Lakini yaliyompata yeye siwezi kuyakosea. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mimi peke yangu, na mpaka leo yamenikaa kooni.

Chuoni walimwita Mama Penseli, kwa sababu ya penseli aliyoichomeka kwenye nywele asubuhi na kuisahau humo. Katika picha ya harusi yangu amesimama nyuma yangu, kavaa gauni nililomshonea mwenyewe, amependeza kweli kweli, na penseli iko kichwani. Mume wangu husema tulifungishwa ndoa mbele ya mkaguzi. Dada alikuwa wa kwanza kuicheka picha hiyo, akaniomba nakala.

Chuo chake cha ufundi kilipakana na kiwanda cha mafuta ya kula. Kati yao palikuwa na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Upande wa chuo, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitengeneza nyundo. Alikata chuma, akakipiga tupa, akatoboa tundu la mpini, akapewa alama, kisha nyundo ikatiwa kabatini. Mwaka uliofuata, nyundo nyingine. Dada alikuwa na kabati zima la nyundo ambazo hazijawahi kugonga msumari. Upande wa kiwanda, mashine zilikaa zimekufa wiki nzima zikisubiri kipuri kutoka ng'ambo, na wafanyakazi wakacheza drafti juu ya makreti. Vijana wamehitimu upande huu hawana kazi, mashine zimelala upande ule hazina fundi, na hakuna aliyeona ajabu.

"Hivi mdogo wangu," aliniuliza siku moja, "wewe una cherehani huna kitambaa, jirani yako ana kitambaa hana cherehani. Ungekaa kimya?"

"Ningemwita dirishani."

"Basi ukuta wetu hauna dirisha," akasema, akapigilia kisu kwenye kibao cha kukatia mboga.

Akaenda kubisha hodi getini. Mlinzi akamwambia meneja hayupo. Akarudi kesho yake, meneja hayupo. Siku nyingine akamwona meneja kabisa, anashuka kwenye gari, na mlinzi bado anasema hayupo. Mwanamume mmoja mwenye mikono myeusi kwa grisi alikuwa amekaa kivulini anakula, akamwita. Alikuwa fundi wa karakana ya kiwanda. Alimsikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakuna mtu wa kiwanda kile aliyewahi kumfanyia, halafu akamuuliza, "Hao watoto wako wanajua kutengeneza nini?"

"Nyundo," dada akajibu.

Fundi alicheka mpaka chakula kikampalia. Dada naye akacheka, ingawa alikuwa amekwenda pale na hasira zake. Ndivyo shemeji alivyoingia katika ukoo wetu.

Wachumba wengine hupelekana mahali pazuri wakanywe soda. Hawa walipelekana kutazama gia. Shemeji alimchukua dada Jumapili moja akamwonyesha mashine mbovu tangu asubuhi, na dada alirudi amechafuka gauni zima, uso unang'aa. Nilimfahamu dada yangu tangu nimezaliwa na sikuwahi kumwona hivyo. Walipooana, meza yao ya kulia chakula haikuwahi kuwa na kitambaa. Ilijaa karatasi, bolti, vikombe vya chai vilivyopoa. Walibishana kuhusu chuma kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira, kwa kelele, huku mmoja akimpakulia mwenzake.

Hawakujaliwa mtoto. Shangazi zake shemeji walianza kuja na maneno yao ya pembeni, mara ooh umri unakwenda, mara kuna binti wa fulani. Shemeji aliwasikiliza, akawamiminia chai, akasema, "Mimi nina mke. Mkimaliza chai nitawasindikiza." Nilikuwepo, nimeshika sinia. Tangu siku ile nilimpenda mtu yule, na naandika haya ili msije mkadhani namchukia tu kwa kuwa ni shemeji.

Basi wakaanza kuubomoa ule ukuta, yeye kwa upande wake na mkewe kwa upande wake. Shemeji aliwaombea wanafunzi wachache ruhusa ya kuingia kiwandani kujifunza kwa vitendo. Mwanzo walipewa mafagio. Dada akasema sawa, fagieni, lakini mkifagia chini ya mashine tazameni juu. Mwaka uliofuata walipewa spana. Baadaye shemeji akawa msimamizi wa karakana, akawaruhusu kufungua na kufunga. Mwanafunzi mmoja, binti tuliyemwita Mrembo kwa sababu alikuja siku ya kwanza amepaka kucha rangi, alibuni kijibati cha kuzuia chupa zisianguke kwenye mkanda, na kikafanya kazi. Dada alikuja dukani kwangu kunihadithia habari ya kijibati hicho kama mtu aliyepata mjukuu.

Ndipo meneja akakubali jambo kubwa. Mashine ya kufunga vifuniko ilikuwa na mkono wa chuma wa kusukumia vifuniko, na mkono huo ulikuwa umepasuka. Ulichomelewa ukarudishwa kazini hivyo hivyo, unachechemea. Meneja alisema: chuo kitengeneze mkono mpya. Ukifaa, kiwanda kitatoa ghala lake la zamani, lile lililoegemea ukuta, liwe karakana ya pamoja. Wanafunzi watafanya kazi za kweli, mafundi wa kiwanda watakwenda chuoni kusoma, vipuri vya viwanda vyote vya ukanda ule vitatengenezwa pale, na mwenye wazo jipya atapata mahali pa kulijaribu. Usipofaa, asisumbuliwe tena. Hayo ya mwisho aliyasema mara mbili.

Dada alikuwa ameyaomba hayo nusu ya maisha yake ya kazi. Hakula vizuri wiki hiyo. Aliniagiza nishone ovaroli mpya za wanafunzi, zenye nembo ya chuo kifuani, nikazishona bila kupumzika.

Mkono wenyewe haungeweza kutoka kiwandani, maana ndio uliokuwa ukiendesha mashine. Kwa hiyo shemeji aliupima wakati wa chakula cha mchana, mashine ikiwa imezimwa, akauchora kwa mkono, akaja na mchoro nyumbani. Dada aliusafisha mezani kwao, akauchora upya kwa kalamu na rula ili wanafunzi wautumie. Hapo ndipo walipokosea, na naomba mnivumilie niueleze ufundi wenyewe kwa lugha ya mshonaji.

Chukua kiatu ukiweke mezani, ncha ikutazame. Kichore unavyokiona kwa mbele. Sasa unataka kuchora na ubavu wake ulio mkono wako wa kulia, kwenye karatasi hiyo hiyo. Utauweka wapi? Mimi ningeuweka kulia, maana ndiko uliko. Kiwandani kwa shemeji ndivyo walivyofanya, kwa sababu mashine zao zote zilitoka katika nchi zinazochora hivyo. Lakini chuoni kwa dada walifuata mtindo wa nchi nyingine, na kwa mtindo huo ubavu wa kulia huwekwa kushoto. Msiniulize kwa nini. Yote mawili ni sahihi, yako vitabuni, na waliosomea michoro wanajua, ndiyo maana pembeni mwa mchoro huwekwa alama ndogo, kama kikombe kilicholala, ya kusema huu ni mtindo gani. Usipojua mtindo, unasoma kulia ukidhani ni kushoto, na kitu kinatoka kamili, vipimo vyote sawa, ila kimegeuka. Ni kama nikushonee shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Shemeji hakuweka alama. Kiwandani kwao mtindo ulikuwa mmoja tu, hakuwa na sababu ya kuiwaza alama, na zaidi ya hapo alikuwa anamchorea mke wake. Dada naye, aliyekuwa akiwakata wanafunzi alama kwa kusahau kile kikombe, hakukitafuta. Ulikuwa mwandiko wa mume wake. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, wamebishana kuhusu kila chuma kilichopo chini ya jua, na hawakuwahi kujua kwamba kila mmoja anauona ubavu upande wake.

Siku ya majaribio nilikwenda kwa sababu ya ovaroli. Mbili zilikuwa hazijatiwa vifungo. Nilimalizia kushona vifungo nimekaa juu ya kreti, kando ya mashine. Wakuu wa chuo walikuwepo, meneja alikuwepo na wageni wake wawili kutoka viwanda vingine. Mrembo ndiye aliyeukereza mkono ule, akaubeba kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Ulikuwa unametameta. Mgeni mmoja aliupima kwa vernia, akaupima tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dada alisimama mkono mmoja kashika penseli kichwani, kana kwamba nywele zingeruka.

Shemeji akaufungua mkono mbovu, akauchukua mpya, akauweka. Haukuingia. Akaugeuza. Haukuingia. Akaushusha, akauweka sambamba na ule mbovu, na hapo hata mimi nikaona. Mmoja ulipinda huku, mwingine ulipinda kule.

Mrembo akaanza kulia bila sauti, machozi yakidondokea ovaroli yangu mpya.

Dada aliniambia baadaye kwamba alijua pale pale. Kitu hakiwezi kugeuka namna ile, vipimo vyote vikiwa sawa, ila kwa njia moja tu. Alimtazama mumewe. Mumewe akamtazama. "Tukatazamana," alisema, "na nikaona ameelewa." Hilo neno nalikumbuka kwa sababu alilirudia sana miaka iliyofuata.

Meneja hakuomba kuona karatasi. Alitaka mtu.

"Nani amekosea?" akauliza. "Kama ni mtu wangu aliyetoa mchoro wenye kasoro, aniletee ovaroli yake leo hii aende kwao. Nimeaibika mbele ya wageni."

Shemeji alifungua mdomo. Kwa miaka mingi niliamini alitaka kusema tumekosea sote wawili. Dada naye aliamini hivyo, na kwa kuwa aliamini hivyo, alimwahi.

"Mchoro wa fundi wenu ulikuwa sahihi," alisema dada. "Mimi ndiye niliyeusoma vibaya. Wanafunzi wamekata nilichowapa. Kosa ni langu."

Meneja alimgeukia shemeji. "Ni kweli?"

"Mchoro wangu ulikuwa sahihi," akasema shemeji.

Basi, ikaisha. Mkuu wa chuo akaomba radhi kwa maneno marefu, meneja akaangalia saa, wageni wakaondoka. Nilirudi nyumbani na sindano yangu na uzi wangu.

Siku ya pili dada akaja kwangu, akafunga mlango, akanieleza yote: kiatu, ubavu, alama ya kikombe. Niliwaka.

"Kwa hiyo mmekosea wote, na yeye kakuacha ubebe peke yako?"

"Ningefanyaje? Angemwaga unga. Akifukuzwa yeye, nani atabaki upande ule wa kuwafungulia wanafunzi mlango? Mimi chuo hakinifukuzi."

"Na yeye kasemaje nyumbani?"

"Jana jioni nilimwambia pole. Akasema, 'Tusiliongelee tena. Limepita.' Akageuza uso. Ana haya, mdogo wangu. Usimwambie kitu. Niapie."

Nikaapa. Domo langu halina breki, dada alilijua hilo, ndiyo maana aliniapisha. Na kiapo nilikitunza, ingawa mara nyingi kilinichoma ulimi.

Chuo hakikumfukuza, lakini kilimvua kazi ya kuunganisha wanafunzi na viwanda. Walimu wenzake walimtungia jina jipya, Kioo, wakalitumia akiwa hajatoka mlangoni. Wanafunzi wakarudia nyundo. Alipita kila asubuhi kando ya ule ukuta kwenda darasani, akafundisha, akasahihisha. Alikuwa mwalimu mzuri vile vile, ila alifundisha kama mtu anayesoma kwa sauti.

Nyumbani kwao kukawa safi. Ndilo neno ninaloweza kulitumia. Meza ikatandikwa kitambaa. Shemeji alikula, akashukuru, akaenda zake kusikiliza redio. Hakuleta tena mchoro. Hakumuuliza tena mkewe lolote kuhusu chuma. Dada alijaribu, alisema, nimesikia mashine yenu ya kuchujia inasumbua, na shemeji akajibu kwa upole, "Usijali, tunalishughulikia." Upole ule ulinitia uchungu kuliko angemfokea.

"Muulize moja kwa moja," nilimwambia dada.

"Nimuulize nini? Ananiona kila siku anakumbuka nilivyombeba. Mwanamume kubebwa mbele ya watu si mchezo. Mwache. Akiwa tayari atasema mwenyewe."

Baada ya muda shemeji akapanda cheo. Kampuni ilikuwa na viwanda vingine mbali, ikampeleka huko kusimamia ufundi. Dada hakufuata kwa kuwa alikuwa na darasa la mwaka wa mwisho, akasema atakwenda likizo. Alikwenda likizo moja. Shemeji alikuja likizo nyingine. Kisha akawa anatuma salamu. Kisha akaandika kwamba haoni sababu ya kumfunga dada kwenye ndoa ya mbali, na kama ataridhia waachane kwa wema. Dada aliridhia. Mimi nilitaka kupanda basi nimfuate nikamtoe nishai mbele ya wafanyakazi wake, na nilikuwa nimeshafunga mkoba.

"Umeniapia," dada akasema, amesimama mlangoni kwangu. "Mtu akishindwa kukutazama kwa haya, ukimfuata ndiyo unammaliza. Atakuja. Labda tukiwa wazee. Atakuja aseme lile alilotaka kulisema siku ile, nami nitamwambia yameisha, tutakunywa chai."

Na kwa kweli alimsubiri. Hakuwa kichaa, hakukaa dirishani. Alifanya kazi, alikuja kwangu Jumapili, alicheka na wanangu. Lakini mwalimu mmoja mjane, mtu mzuri tu, alimletea posa, na dada alikataa bila kueleza. Nyumba ilivuja, nikamwambia ahamie kwetu. Alikataa hilo pia. Akija asinikute, atadhani nimemkasirikia, alisema. Alisema hivyo mchana kweupe huku anasuuza vyombo, kama mtu anayetaja bei ya sabuni.

Akastaafu.

Mrembo alikuwa ameajiriwa kiwandani, akapanda ngazi moja moja. Meneja mpya alipoingia na vipuri vya ng'ambo vikawa shida tupu, Mrembo alilitoa tena wazo la mwalimu wake. Safari hii viwanda vyote vya ukanda vilikubali, chuo kikakubali, ghala likasafishwa, na ule ukuta ukatobolewa mlango mpana wa kupitisha mashine. Karakana ya pamoja ikajengwa, na Mrembo akawa msimamizi wake. Ufunguzi ulipokaribia alikuja mwenyewe kumwalika dada. Alipiga magoti sakafuni kwa dada, mtu mzima na wadhifa wake, akasema, "Mama, bila wewe sitafungua."

Mgeni rasmi angekuwa mkuu wa ufundi wa kampuni nzima. Hatukuhitaji kuuliza ni nani.

Nilimshonea dada gauni la rangi ya kahawia, kola ndogo, mikono mirefu. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Nikamfunga vifungo.

"Unafikiri atasema leo?" akaniuliza.

"Atasema," nikamjibu, na niliamini. Ingekuwa mahali pake. Mahali pale pale, mbele ya watu wale wale waliobaki.

Karakana ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Madirisha makubwa, mashine zimepangwa, vijana wa chuo na mafundi wa kiwanda wamevaa ovaroli za aina moja. Kijana mmoja na fundi mzee walituonyesha pampu ndogo waliyoibuni pamoja, wakigombaniana nani aeleze. Dada aliwasikiliza akatabasamu, akawauliza swali kuhusu vali, wakaanza kubishana upya. Nilimwona kama alivyokuwa zamani, kwa dakika hiyo.

Shemeji aliingia na msafara. Amenenepa kidogo, mvi zimemkaa vizuri. Alipofika kwetu alimpa dada mkono. "Hujambo mwalimu," alisema. "Afya inasemaje?" Nzuri, dada akajibu. Akapita.

Ikafika zamu yake ya kuzungumza. Alizungumza vizuri, alikuwa na sauti ya kuzungumza. Alisema chuo na kiwanda vikitengana, vyote viwili hufa polepole. Alisema vijana wasiogope kubuni. Dada alikuwa ameinama mbele kidogo, kashika ukingo wa kiti.

"Lakini ubunifu bila umakini ni hasara," shemeji akaendelea, anatabasamu. "Niwape kisa. Zamani, hapa hapa, nilimpa mwalimu mmoja mchoro wa mkono wa mashine. Mchoro safi, nimeupima mwenyewe. Mwalimu akausoma kinyume! Kulia akaona kushoto. Kipuri kikatoka kimegeuka kama soksi. Mwalimu wa michoro, jamani!"

Wakacheka. Vijana walicheka sana, maana hawakujua ni nani. Mafundi wazee walicheka kidogo wakaangalia chini.

"Simlaumu," shemeji akasema wakicheka bado. "Alikiri kosa lake mbele ya wote, na mimi nilimsamehe siku hiyo hiyo. Lakini miaka yetu mingi ilipotea pale. Kwa hiyo, vijana, someni vizuri mnachopewa."

Nilikuwa nimeshasimama. Sijui ningesema nini, lakini ningesema, na kiapo kingekwenda na maji. Dada alinishika gauni kwa nyuma, akalivuta kwa nguvu mpaka nikasikia mshono unakatika. Nikaketi. Watu walipopiga makofi, na yeye alipiga.

Shemeji hakuwa mkatili. Ndilo lililoniuma. Niliutazama uso wake akirudi kwenye kiti na haukuwa na doa la uongo. Hakuwahi kujua kwamba chuoni walichora kwa mtindo mwingine, wala kwamba kosa lilikuwa na upande wake. Siku ile kando ya mashine walipotazamana, dada aliona mtu aliyeelewa, na yeye aliona mwanamke aliyeharibu kazi yake. Miaka yote ile ya upole, ya meza iliyotandikwa kitambaa, alikuwa anamvumilia.

Mrembo alikuja mbio, macho mekundu, akataka kumpeleka dada mbele amtambulishe. Dada alikataa, akambusu, akasema karakana yake ni nzuri na asisahau kuwafundisha vijana mitindo yote miwili. Tukatoka kwa ule mlango mpana. Nje palikuwa na jua kali, na vijana walikuwa wanapakua chuma kutoka kwenye lori. Dada alitembea polepole, mshipi wa mkoba umemteleza begani, hakuurudisha.

"Nikamwambie?" nilimuuliza. "Bado yupo ndani. Kiatu, ubavu, kila kitu. Ataelewa mara moja."

"Ataelewa," alisema. "Halafu?"

Nikamrudishia mshipi wa mkoba begani.

Tulifika barabarani. Akasimama, akaangalia upande wa nyumbani kwake, kisha upande wa kwangu.

"Nilikuwa namwachia mlango wazi," alisema, "kumbe hakuwa na la kuja kusema." Akaushika mkono wangu. "Yale mabati yanavuja kweli. Twende kwako."